Njia Niliyokunyima Mbele ya Mgomba

Nsimire mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda sokoni Flagey kuagana na rafiki zako, na mama yako yuko kazini kwa wazee anaowatunza mpaka jioni. Nyumba imebaki yangu na kuku watatu. Nilijaribu kumalizia kuufunga mgomba nyasi za kuukinga na baridi, mikono ikakataa. Basi nimekaa jikoni, nimesukuma pembeni maboga na yale magazeti tuliyoanikia mbegu za lengalenga, mchicha wetu, nakuandikia. Nakuandikia Kiswahili cha kitabu, kile tulichofundishwa shuleni Bukavu, maana hiki chetu cha nyumbani nikikiweka kwenye karatasi nakiona kinanicheka. Wewe usinicheke. Au nicheke, lakini soma mpaka mwisho.

Sitakuambia habari za masweta, wala dawa za malaria, wala pasipoti ukae nayo wapi. Wewe ndiye muuguzi, na mama yako ameshakuimbia hayo yote mpaka mimi nimeyakariri. Nataka kusema juu ya jana.

Jana tulikuwa bustanini, wewe umeshikilia nyasi kavu kuzunguka shina, mimi nazungusha kamba. Majani ya mgomba yalikuwa yameshaungua kwa baridi ya wiki hii, tukayakata, tukayatundika bandani yakauke tupate ya kusukia vikapu. Kazi hii tunaifanya kila mwaka majani yanapoanguka, tangu ulipokuwa mdogo wa kushikishwa ncha ya kamba tu. Ukasema bila kuniangalia:

"Papa, uniambie njia tu. Siko naomba kitu ingine."

"Njia gani?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Ya kwa koko. Niko naenda mwaka muzima kufanya kazi Bukavu, na sitapanda kumuona? Mama yako mwenyewe, Papa?"

Nikavuta kamba. Nikasema kule hakuna njia tena, barabara imekufa, mvua imebomoa, watu wa huko hawajulikani siku hizi nani ni nani. Nikavuta tena. Ukaziachia nyasi zikaanguka.

"Unanifunga sawa vile unafunga huu mugomba," ukasema. "Bon. Nitauliza batu kwa soko. Nitasema mi ni mutoto wa nani, batanionyesha."

Ukaingia ndani, ukafunga mlango taratibu. Ungeubamiza ningefurahi.

Donc mambo yako hivi, na nisiyazungushe. Mama yangu anaishi kwenye kilima ambacho katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayekijua. Mama yako ni mtu wa Uvira, hajawahi kufika. Simu za koko wako zinakuja kwa namba za kuazima, leo ya huyu, kesho ya yule, ukiipiga tena anapokea mtu mwingine aliye soko jingine. Wewe umekua ukisikia nasema "kwetu", "kule juu", "karibu na Bukavu". Jina la kilima sikukutajia hata siku moja. Nilifikiri nisipolitaja hutakwenda. Sasa unakwenda, kesho asubuhi, na kama sikukupa njia utasimama katikati ya soko na viatu vyako vizuri na Kifaransa chako cha Brussels, utaje jina la baba yako kwa watu usiowajua. Kwetu mtu huulizwa "wewe wa nani?" na kuna miaka ambapo jibu lake ndilo lililoamua kama atafika nyumbani. Wewe hujawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye bunduki. Mimi niliulizwa. Nikikunyima njia nakutupa kwenye swali hilo. Nikikupa, basi ni mimi niliyekutuma. Hapo ndipo nilipokwama tangu jana, na mgomba uko nje nusu umevaa, nusu uko uchi.

Mimi ni mwoga, Nsimire, na sioni aibu kuliandika. Mtaa wetu mzima wa Koekelberg unajua. Siku wanaporusha fataki za mwaka mpya mimi niko chini ya ngazi na kuku mmoja kifuani, mama yako anaita, Papa Nsimire, toka, hakuna kitu. Helikopta ikizunguka juu ya kanisa la Basilika naanza kuwaza kila mmoja wenu yuko wapi. Simu ikilia kabla sijanywa chai, namsukumia mama yako aipokee. Mama yako anasema, "Weye unaogopa mpaka kuku." Anaongopa huyo. Namwogopa yule mwekundu tu, kwa sababu anadonoa.

Kuna hadithi ya zile njugu za bustani ya Basilika, ambayo kila mgeni akija mama yako lazima aisimulie. Hujazaliwa bado. Tulikuwa tumefika hivi karibuni, nikaona chini ya miti njugu kubwa zinang'aa, wazungu wanazikanyaga tu. Nikasema, loo, nchi hii watu wameshiba mpaka wanakanyaga chakula! Nikajaza mfuko, nikazichemsha. Nikala ya kwanza, chungu kama kwinini. Nikala ya pili kwa sababu ya ubishi. Halafu nikaambiwa zile zinaitwa za farasi, zina sumu; zinazoliwa na watu zina ganda lenye miiba kama nywele. Siku nzima nilikaa kitandani nikingoja kufa, nikimwelekeza mama yako namna ya kunizika. Yeye alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeiba roho yangu nzima nzima kwenye vita, nikaileta mpaka Ubelgiji, niiue kwa njugu ya farasi?

Lakini la maharagwe halikuniacha hata leo, ingawa nalo tumeligeuza kuwa mzaha. Nataka ulijue jinsi lilivyokuwa hasa.

Unajua kwetu mvua ya Septemba ikigonga ardhi, mtu mwenye akili timamu hashiki kitu kingine ila jembe. Hapa ule mwaka wa kwanza Septemba ikaja, mvua ikaanza kupiga kibanda, nikanusa udongo. Nikasema, ehee, kumbe hata Wabelgiji wana Septemba! Nikalima ile sehemu yote kuanzia mlango wa jikoni mpaka ukutani. Madame Godelieve alikuwa dirishani kwake ghorofani, anachungulia. Wewe unamjua kama bibi mwenye nyumba anayekupa keki. Mimi sikumjua. Nilijua tu kwamba alizaliwa Bukavu, baba yake akiwa na shamba la kwinini, na kwamba waliondoka yeye akiwa msichana. Kiswahili chake chote ni kile cha kuamrisha wafanyakazi: leta, funga, ngoja, haraka. Hana hata neno la kuomba. Si kwa ubaya, nyumbani kwao hakuwahi kulisikia.

Akafungua dirisha, akapaza sauti: "Wewe! Hapana panda! Baridi nakuya! Ngoja!"

Angeniambia hayo kwa Kifaransa ningemuuliza kwa nini. Kwa Kiswahili kile nikasikia bwana shamba amesimama nyuma yangu. Babu yangu alisimamiwa hivyo. Damu ikapanda. Nikajiapia kwamba hakuna tena mzungu atakayeniambia mimi lini nipande maharagwe, nikapanda yote. Yote kabisa, sikubakiza hata konzi ya akiba, mimi mtoto wa mkulima. Yakaota vizuri, yakanyoosha shingo, kila asubuhi nikipita namtazama yule mama dirishani kwa dharau. Kisha siku moja nikafungua mlango, umande umeganda mweupe kama chumvi juu ya kila kitu, na maharagwe yamelala chini meusi. Nikapiga magoti nikayashika, yakanivunjikia mkononi. Madame Godelieve akashuka na kikombe cha kahawa. Alisimama hapo na gauni lake la kulalia chini ya koti, akasema, "Pole." Sikujua kama neno hilo analo.

Tangu hapo tunalima pamoja, wewe umetukuta hivyo. Yeye anajua baridi, mimi najua jembe, na bado kila mwaka tunagombana juu ya vitunguu saumu vipandwe lini. Nachukia kuuliza watu, lakini nauliza. Na koko wako nilipomweleza kwenye simu kwamba nilipanda Septemba nchi ya barafu, alicheka mpaka unités, salio la simu ya jirani, zikaisha.

Alicheka, na maharagwe yalikuwa yake.

Sasa hili sikuwahi kukusimulia lote. Siku ile niliyokimbia kwetu, mimi na mama tulikuwa uani mchana, jua kali. Yeye anapura maharagwe kwa fimbo, mimi nimekaa kwenye mkeka namalizia kikapu cha maganda ya mgomba, tunabishana kuhusu mdomo wa kikapu, yeye anasema nimeulegeza. Tukasikia risasi, upande wa barabara, halafu tukasikia karibu zaidi. Mama hakupiga kelele. Alipasua ncha ya kikwembe chake, kitenge alichovaa, akafunga maharagwe ndani, akanitia mfukoni kama mtu anayemfungia mtoto chakula cha shule. Akasema nishuke kwa njia ya kijito. Nikasema twende wote. Akasema magoti yake hayauwezi ule mteremko, tutashikwa wote wawili kwa sababu ya magoti. Nikasema nitakubeba. Akanisukuma. Alinisukuma kwa mikono miwili kifuani, mama yangu, ambaye hajawahi kunipiga hata kofi.

Nikaenda. Nilikuwa mwanaume mzima mwenye nguvu za kumbeba, na nikaenda. Sikuangalia nyuma, na mpaka leo sijui alikaa vipi, alisimama, aliketi, alijificha wapi. Muda mrefu sana sikujua hata kama yu hai. Kwenye kambi ya wakimbizi tulikula majani, na yale maharagwe sikuyagusa. Ndipo nikaja kuyazika kwenye udongo wa Koekelberg kwa sababu ya kiburi.

Watu wa parokia wananiuliza, Papa Nsimire, una karatasi za Kibelgiji, kwa nini hurudi hata wiki mbili kumsalimia mzee? Nawajibu usalama, usalama. Ni kweli naziogopa bunduki, sana. Lakini naogopa zaidi ule ua. Naogopa kusimama pale aliponisukuma nikamkuta amekuwa mdogo. Simu inanitosha kwa sababu simu haina magoti.

Ulipozaliwa nilikuwa bado na hofu hiyo yote, haina pa kwenda, ikakuangukia wewe. Kitovu chako kilipodondoka sikutaka kitupwe kwenye takataka za jiji. Kwetu kinazikwa chini ya mgomba wa nyumbani. Nikamweleza Madame Godelieve kwa aibu, nikidhani atanicheka. Hakucheka. Siku ya pili yake alinipeleka kwenye soko la miche tukanunua mgomba wa Kijapani, huu huu usiozaa ndizi ya kulika lakini unavumilia. Nikazika kitovu chako mizizini. Baada ya hapo sikulala vizuri mwaka mzima. Nilikuwa nimeichukua roho ya mtoto wangu nikaiweka nje kwenye baridi.

Ilipofika majira kama haya nikaufunga. Weh! Nikaufunga kwa mifuko ya plastiki, na utepe, na zulia kuukuu, na juu nikavisha ndoo. Hakuna hewa wala nzi angeingia. Kila nilipoona theluji nilijisifu. Machi nikafungua. Maji meusi yakatoka, na harufu. Shina lote lilikuwa limeoza, linamong'onyoka kama viazi vilivyosahaulika. Na wewe wiki ile ulikuwa unakohoa. Nikakuchukua na blanketi mpaka hospitali, daktari akasema mafua ya kawaida, mpeleke nyumbani. Sikumwamini. Nilikufungia ndani mpaka Mei, madirisha yamefungwa, na nilikaa kando ya kitanda chako nikisikiliza unavyopumua. Mama yako alikaribia kunipiga na mwiko. Siku moja Madame Godelieve aliniita bustanini. Chini kabisa, kwenye udongo, palikuwa na kichipukizi kimejikunja kijani. Akanielekeza kwa lugha yake: "Plastiki hapana. Nyasi. Funga kidogo. Mugomba nataka pumzi."

Kwa mgomba nilijifunza siku hiyo hiyo. Kwako ilinichukua mpaka leo, na sina hakika kama nimefuzu.

Safari ya shule ya msitu wa Ardennes, uliyolia wiki nzima, hakukuwa na ugonjwa wowote huko. Nilisema upo. Kuogelea, nilisema tumbo lako ni dhaifu. Ulipotaka kupanga chumba karibu na shule ya uuguzi, nilisema sakafu yetu ya mbao inahitaji mtu wa kunisaidia kuipiga msasa, na ukabaki, tukaipiga msasa sakafu ambayo haikuwa na ubaya wowote. Na ile Jumapili ulipopeleka vikapu vyetu Flagey kwa mara ya kwanza, na yale mataji ya matawi uliyosuka mwenyewe kwa ajili ya sikukuu ya Watakatifu Wote, ukaniambia nisije. Nilikuja. Nilisimama nyuma ya friterie, kibanda cha chipsi, asubuhi nzima na kofia ya mama yako. Nilikuona unamwonyesha mwanamke mmoja jinsi ganda la mgomba linavyozungushwa kwenye shazia, ile sindano kubwa ya kusukia, unacheka, unamshika vidole unamrekebisha. Nikaona kumbe una maisha mazuri kabisa wakati mimi sipo. Nilifurahi na nikaumia, vyote pamoja, nikanunua chipsi nikazila kwa hasira.

Leo asubuhi mama yako alipokuwa anavaa viatu alinikuta nimesimama dirishani naangalia mgomba. Alifunga kamba za viatu, akasema:

"Umupe njia, mwanaume. Mutoto ataenda tu. Mi sijui ile kilima yenu. Ningekuwa naijua, ningekuwa nimeshamuambia."

"Na kama kitu kinamupata?"

"Kitamupata akiwa anajua njia, ao akiwa anatafuta njia. Weye uchague."

Akaenda kazini. Nimechagua, lakini usidhani hofu imepungua. Kesho nitakusindikiza mpaka stesheni ya Gare du Nord, nitakubebea lile begi kubwa, na nitakupa bahasha hii kwenye ngazi za treni ya uwanja wa ndege. Nikianza kusema maneno mengine, kama vile "Nsimire, ngoja kwanza", usinisikilize. Panda.

Kilima kinaitwa Nyakahembe.

Basi, nimeliandika. Sijawahi kuliandika jina hilo katika nchi hii. Hata wale wa ofisi ya wakimbizi waliponihoji nilipofika, niliwaambia karibu na Bukavu, wakaandika karibu na Bukavu.

Sikiliza vizuri sasa, kwa sababu njia hii naijua kwa kushuka tu, tena kwa kukimbia. Nilipokuwa mtoto niliipanda kila siku nikitoka shule, lakini kumbukumbu ile imefutika. Nikifumba macho, inakuja ya kushuka. Mchana huu nimekaa naigeuza, naichora na kuifuta kwenye magazeti ya mbegu. Kulia kwangu nimeshakufanya kushoto kwako. Usigeuze tena, utapotea.

Bukavu panda gari la barabara ya Walungu, asubuhi, na ukae katikati ya mamans wauza mboga, sio mbele na dereva. Utapita tanuru za matofali upande wa kulia. Soko dogo linalofuata ndipo unashuka. Hapo usiulize njia na usitaje jina langu. Nunua chumvi, uifunge kwenye kitambaa uibebe kichwani. Mwanamke anayepanda na chumvi anaonekana anakwenda nyumbani, hakuna anayemsimamisha. Nyuma ya wauza chumvi kuna kinjia kinashuka. Kifuate mpaka usikie maji.

Kwenye kijito kulikuwa na magogo mawili ya kuvukia. Magogo yanaweza kuwa yamebadilika, kijito hakihami. Vuka taratibu, yanateleza. Mimi hapo nilianguka nikapoteza kiatu, nikaendelea na kimoja. Ukishavuka utaanza kupanda kati ya mikaratusi, na kupanda ni kurefu, utakasirika. Juu kuna kanisa dogo la bati. Nyuma yake kuna ukuta nilikojibanza mimi kusikiliza kama ananifuata mtu, na sikujua kama ninatamani anifuate au asinifuate. Wewe kaa mbele, kwenye ngazi, unywe maji. Pumzika kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji.

Kutoka kanisani njia inagawanyika. Kulia inakwenda kisimani, utakuta watoto na madumu. Wewe shika kushoto, uwe na ua wa miti ya miba mkono wako wa kuume. Halafu migomba inaanza, migomba ya kweli, mikubwa, imeshikana juu, na hata mchana ndani yake kuna giza na majani makavu yanalia chini ya miguu. Naijua sauti hiyo kuliko sauti yoyote duniani. Hapo utaogopa. Ogopa tu, na uendelee kutembea. Usikimbie, wewe huna unachokikimbia.

Nyumba ni ya mwisho, baada yake kilima kinaporomoka. Mlango unatazama upande wa ziwa ingawa ziwa halionekani.

Wanasema koko wako haoni tena vizuri, anaona mwanga na vivuli. Mchana hakai ndani, atakuwa uani. Usipige hodi, atakuwa ameshakusikia tangu kwenye migomba. Unatembea kama mimi, Nsimire, mguu wa kushoto unachelewa kidogo, mama yako anasema tukiwa koridoni hawezi kutujua yupi ni yupi. Atainua kichwa. Atasema jina langu.

Usimsahihishe haraka. Msogelee kwanza, piga magoti, mpe mikono aishike. Halafu mwambie wewe ni nani.

Papa yako